Uliza Mkadiriaji: Mchoro umebadilika, nani alipe?

SWALI: Shikamoo Mama Mkadiriaji. Mimi ni msomaji wako wa Vigaeni, Mtwara, nina duka dogo la vifaa vya ujenzi. Mdogo wangu anaishi Marekani. Juzi amenisimulia kwamba baraza la mji anaokaa limepiga kura kumwongezea fedha mhandisi mshauri ili abadilishe michoro ya daraja la barabara litakalopita juu ya reli. Hata koleo moja la udongo halijachimbwa, na tayari fedha inaongezwa! Nilipolifikisha kijiweni, wenzangu wakasema, "Huko nako wameshakula." Tulibishana hadi adhana ya isha. Naomba utuamue: fedha ya kubadilisha mchoro ni halali? Inatoka mfuko gani? Na sisi wa Mtwara, tunaosubiri reli ya kwenda Mbamba Bay, jambo hili linatuhusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe salamu mdogo wako, na kijiweni uwaambie nimewasikia. Nimekaa miaka 31 nikihesabu zege, nondo na udongo wa tuta, na fedha ya mabadiliko inayoongezwa kabla koleo halijagusa ardhi ndiyo ninayoihofia kidogo kuliko zote. Iliyonikosesha usingizi ni ile inayoombwa wakati nguzo zimeshasimama na mkandarasi ameshapanga mitambo yake saiti.

Ngoja nikupigie hesabu, kwa sababu wewe unauza saruji na vipimo unavijua. Barabara inapita juu ya reli. Mchoro wa kwanza umeacha nafasi ya mita 5.5 kutoka juu ya reli hadi tumbo la daraja, kama vile chini yake kungepita malori tu. Boriti na sakafu zina unene wa mita 1.5. Kwa hiyo uso wa barabara uko mita 7 kutoka ardhini. Sasa mwenye reli anakuja na neno: treni yangu inatumia umeme, nyaya zinapita juu yake, nataka mita 7 za nafasi. Uso wa barabara unapanda hadi mita 8.5.

Kijiweni watasema ni mita moja na nusu tu, kimo cha mtoto wa darasa la saba. Lakini gari halipandi ukuta. Kwa mwinuko wa mita 5 katika kila mita 100, tuta la kila upande lilikuwa na urefu wa mita 140, sasa linafika mita 170. Kama juu ya tuta pana mita 12, na ubavu wake unalala mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, basi kitako chake pale kwenye daraja kilikuwa na upana wa mita 40 na sasa ni mita 46. Udongo wa pande zote mbili ulikuwa kama mita za ujazo 20,900. Sasa ni kama 33,700. Daraja limenyanyuliwa mita 1.5, udongo umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa lori la mita 10 hizo ni safari zaidi ya 1,280 za ziada, na sijahesabu kwamba udongo ukichimbwa hufumka, kwa hiyo safari zitakuwa nyingi zaidi. Tena zile mita 30 zilizoongezeka kila upande hazidondoki hewani. Zinaingia kwenye mlango wa duka la mtu, kwenye njia ya kwenda msikitini, kwenye bomba la maji.

Hayo yakigundulika yangali kwenye karatasi, mhandisi mshauri anachora upya na analipwa. Tuseme daraja zima ni shilingi bilioni 20 na kuchora upya ni milioni 400, yaani asilimia 2. Yakigundulika mkandarasi yuko saiti, mchoro utalipiwa vilevile, halafu katapila, mtambo wa zege na vibarua vyote vimesimama kusubiri karatasi. Tuseme kusimama huko ni milioni 15 kwa siku. Siku 60 zinakupa milioni 900, na hakuna hata tofali moja lililoongezeka. Yakigundulika boriti zimeshalazwa, unavunja.

Ndiyo maana habari ya mdogo wako hainishtui. Huko Marekani michoro ya daraja hupelekwa mbele kwa hatua, asilimia 30, 60, 90, halafu 100, na kila hatua wenye haki ya kusema husema. Mmoja wao ni kampuni ya reli. Njia nyingi za treni za mizigo kule ni mali ya kampuni binafsi, na mji hauwezi kuweka boriti juu ya reli ya mtu bila sahihi yake. Kampuni kubwa za magharibi mwa nchi ile, Union Pacific na BNSF, zinadai nafasi ya futi 23 na inchi 4, yaani kama mita 7.1, ili makontena yaliyobebwana mawili yapite. Mji ukianza kuchora bila kuuliza, hapo ndipo mchoro unaporudishwa.

Na mfuko? Hapa ndipo kijiwe chenu kinapaswa kusikiliza vizuri. Kwa kanuni za serikali kuu yao, daraja linapoondoa makutano ya reli na barabara yaliyokuwa na taa na vizuizi, mchango wa kampuni ya reli kwa kawaida ni asilimia 5. Gharama inayobaki ni ya umma. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 3 kwa miaka 5 mahususi kwa kuondoa makutano ya namna hiyo, na serikali kuu inaweza kubeba hadi asilimia 80. Inayosalia mji unajitafutia. Ruzuku ikishaandikwa kwa kiasi fulani haifumuki kama udongo kwa sababu umebadilisha mawazo. Ndiyo maana madiwani wa huko hupigia kura nyongeza ya mchoro hadharani: mara nyingi nyongeza hiyo inatoka kwenye kodi ya wakazi walewale waliokaa ukumbini.

Wakati mwingine kubadilisha mchoro kunaokoa mradi mzima. Los Angeles walikuwa na tatizo la treni za bandari kukatiza barabara za mji. Badala ya kunyanyua kila barabara juu ya reli, katikati ya njia waliizamisha reli yenyewe ndani ya mtaro wa zege wa maili 10, kama kilomita 16. Njia hiyo, Alameda Corridor, ilifunguliwa mwaka 2002 kwa dola bilioni 2.4 na kuondoa makutano yapatayo 200. Uamuzi wa kushuka chini badala ya kupanda juu unafanywa kwenye karatasi. Zege likishamwagwa, huna tena nafasi hiyo.

Turudi nyumbani. Kwetu daraja linaloinua barabara juu lina wazazi wengi. TANROADS wanashika barabara kuu na za mikoa, TARURA, tangu mwaka 2017, wanashika za mitaa na vijijini, TRC wanashika reli. Ukitaka kujua nani atalipa mabadiliko, anza kuuliza nani aliyeyaomba na kwa nini. Kama mhandisi mshauri alikosea vipimo, huo ni mzigo wake. Arekebishe bila malipo mapya, na mkataba wake unapaswa kusema hivyo. Kama mwenye reli amebadili aina ya treni baada ya mchoro kukubaliwa, mwenye reli aje mezani na fedha yake. Kama ni mwajiri, yaani serikali, ameamua kuongeza njia ya pili ya magari, basi ni fedha ya serikali, na iombwe kwenye bajeti kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai mosi. Mfuko wa Barabara hauwezi kuwa jibu la kila kitu: fedha yake, inayotokana kwa sehemu kubwa na tozo ya mafuta, kisheria imefungwa kwa matengenezo kwa asilimia 90 au zaidi.

Ndani ya mkataba wa ujenzi kuna fedha ya dharura, mara nyingi asilimia 10. Hiyo nimeiona ikinyanyaswa sana. Imewekwa kwa ajili ya jiwe lisilotarajiwa, chemchemi iliyojitokeza, bei ya lami iliyopanda. Wapo wanaoichukulia kama pochi ya kuficha mchoro uliochorwa haraka. Variesheni, yaani badiliko la kazi ndani ya mkataba, ya kwanza inaimega, ya pili inaimaliza, na jiwe la kweli linapotokea hakuna kitu.

Nilikuwa kwenye mradi mmoja wa daraja la mto, hapa hapa kusini, na wenyewe sitawataja. Mashimo ya kuchunguza udongo yalichimbwa mawili tu, kila ukingo moja. Pale katikati ya mto, ambapo nguzo kubwa ingesimama, hakuna aliyechimba, kwa kuwa kukodi mashine ya kuelea ilionekana gharama. Mchoro ukasema nguzo za chini zishuke mita 12. Tulipofika mita 12 palikuwa tope, mita 15 tope, mita 18 bado chuma kinazama kwa uzito wake. Tulisimama mita 21. Kabla ya kufika huko mkandarasi alikaa miezi minne akisubiri mchoro mpya, na mchoro ulipotoka, fedha ya kuulipia haikuwa imeombwa popote. Kila jioni nilikaa kwenye kontena letu la ofisi na daftari, nikiandika siku ya mashine iliyolala, siku ya mwendeshaji anayelipwa kukaa, halafu riba ya hati ya malipo iliyocheleweshwa. Ile mashine ya kuelea tuliyoikataa ilikuwa na gharama ya siku tisa tu za kusimama. Nililia, mwanangu. Ng'ambo ya mto ule kulikuwa na zahanati, na akina mama wajawazito walikuwa wakivushwa kwa mtumbwi miezi yote hiyo minne.

Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimerudia mara nyingi jambo la riba zinazolipwa makandarasi kwa kucheleweshewa malipo. Watu wanazisoma kama habari za wizi. Mimi nikizisoma naona mara nyingi mchoro uliokabidhiwa nusu, na mabadiliko yaliyoagizwa na mtu ambaye hakuwa na fedha mkononi.

Sasa Mtwara yetu. Sisi ni mji ambao una kata inaitwa Reli na hauna reli. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa kuinua mataruma kwenye njia ile ya Nachingwea, na kwetu hadithi ya Mpango wa Karanga ilikuwa hadithi ya usiku. Mwaka 1947 Waingereza walipanga kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi kati yake Tanganyika, kama Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Udongo haukupimwa vya kutosha, mvua haikusomwa vya kutosha. Reli ilijengwa mazao yakiwa bado ndoto. Gati la Mtwara lilikuwa halijawa tayari, kwa hiyo njia ikaanzia kwanza Mkwaya, upande wa Lindi, halafu ndipo ikaunganishwa na Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umeshaachwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Bandari yenye kina ilibaki, na hiyo tunaishukuru kila msimu wa korosho. Reli ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Baba alisema kazi ya kung'oa ilikwenda haraka kuliko ya kutandika, na alilisema hilo hadi uzeeni kwake kama mtu aliyezika ndugu.

Reli tunayoisubiri sasa, ya Mtwara hadi Mbamba Bay na matawi yake ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma, imepangwa kuwa ya kiwango cha kimataifa, SGR. Ile ya baba ilikuwa na upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR ni milimita 1,435. Tazama iliyojengwa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024: inatumia umeme wa kilovolti 25, imezungushiwa uzio, na hakuna mahali gari linakatiza reli kwa usawa mmoja. Ama barabara inapanda, ama inashuka, na pale Dar es Salaam treni yenyewe imepandishwa juu ya nguzo. Kwa hiyo popote SGR yetu itakapokutana na barabara kuu au na mtaa wenye watu, pale patahitaji daraja. Na lazima itakutana nazo, maana treni haina budi kutoka bandarini, na bandari yetu imekaa ubavuni mwa mji.

Ninachokiomba, na ningekiomba nikiwa nimesimama mbele ya baraza la madiwani: tusingoje. Barabara yoyote inayopanuliwa leo, kalavati lolote kubwa linalojengwa leo karibu na ushoroba unaotarajiwa, lichorwe likijua kwamba mita 7 zitatakiwa. Fedha ya kubadilisha mchoro tuitoe sasa, wakati bado ni karatasi. Kokoto ngumu tunayoitegemea kwa zege kubwa mnajua wenyewe inatoka mbali, kwenye majabali ya upande wa Masasi, kilomita kama 200. Kila mita ya ujazo ya zege inayovunjwa Mtwara imesafiri safari hiyo bure.

Dar es Salaam wametutangulia, na tunaweza kujifunza bila kulipa ada. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililozinduliwa mwaka 2018, lilijengwa kwa msaada mkubwa wa Japani. Makutano ya Kijazi pale Ubungo, yenye ngazi tatu, yalizinduliwa Februari 2021 kwa fedha ya mkopo wa Benki ya Dunia na fedha yetu. Fedha ya msaada na fedha ya mkopo zote huja zimeandikiwa kazi iliyochorwa. Ukiongeza kipande ambacho hakikuwamo, mfadhili atakuuliza umekitoa wapi, na mara nyingi kipande hicho kitaliwa na bajeti ya ndani. Mtwara tukipata mfadhili wa daraja letu, mchoro uwe umekomaa kabla hajasaini.

Na kuna kipande kimoja kinachosahaulika kila mahali, kisha kinarudi kama variesheni: mtembea kwa miguu. Mama anayetoka soko la samaki la Feri na beseni kichwani hataizunguka mita 170 kwenda na mita 170 kurudi kwa sababu daraja ni la magari. Atapenya uzio. Kijana wa kiti cha magurudumu anahitaji njia yenye mteremko usiozidi mita 1 kwa kila mita 12. Kwa kimo cha mita 8.5, hiyo ni njia ya mita 102, bado hujaweka vituo vya kupumzikia. Njia hiyo inahitaji ardhi, na ardhi hiyo inahitaji fidia. Ikichorwa mwanzo inapata nafasi yake. Ikikumbukwa mwisho, wanabandika ngazi za chuma zenye mwinuko wa kutisha na kusema tumekamilisha. Nikiombwa kuchagua nyongeza moja tu ya fedha ya mchoro, nitachagua hiyo, na nitaitetea mahali popote.

Kwa hiyo kijiweni waambie: mjini kwa mdogo wako, kwa haya uliyonisimulia, sijaona wizi. Nimeona watu wanaolipia kalamu wasije wakalipia baruti. Kama wana shaka, mdogo wako aende kwenye kikao kijacho aulize nyongeza ile inalipia nini, iliombwa na nani, na kama kosa ni la mhandisi mshauri kwa nini asilipe yeye. Anayo haki hiyo, na ninyi wa Vigaeni mnayo kwa diwani wenu.

SWALI: Mama, naandika kutoka Mingoyo, Lindi. Nyumba yangu na mikorosho yangu 14 vilithaminiwa kwa ajili ya mradi wa barabara. Nilisaini fomu, nikaambiwa nisiendeleze. Huu ni mwaka wa tatu. Sasa tunasikia mchoro umebadilika na barabara itapinda upande wa pili. Nimezuiwa kuweka bati jipya, fidia sijapata, na sasa labda hata sihusiki. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, baba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Watu wanapozungumzia gharama ya kubadilisha mchoro wanataja zege na nondo, na gharama yako wewe, ya kukaa miaka mitatu chini ya bati linalovuja, haiandikwi kwenye BOQ yoyote, ile orodha ya vipimo na bei za kazi.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iko upande wako katika mambo mawili. Kwanza, fidia inatakiwa ilipwe mapema. Ikipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, inaanza kuzaa riba. Pili, uthamini ulioidhinishwa usipolipwa ndani ya miaka miwili umekufa. Kama bado wanaitaka ardhi yako, wakuthamini upya kwa bei ya leo, na mikorosho yako ihesabiwe ilivyo leo, si ilivyokuwa. Usikubali kuambiwa "utalipwa ile ya zamani".

Andika barua kwa mwenye mradi, nakala kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Taja tarehe uliyosaini fomu, namba ya fomu, na uulize swali moja tu: je, kwa mchoro wa sasa, kiwanja changu kimo au hakimo? Wakijibu kimo, dai uthamini mpya. Wakijibu hakimo, dai barua inayokuondolea zuio, uezeke nyumba yako kabla ya masika. Neno la mdomo la mtu aliyekuja na pikipiki halikuzuii na halikuruhusu. Barua ipokelewe na nakala yako ipigwe muhuri.

Pima pia umbali kutoka katikati ya barabara hadi ukuta wako. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Kama ulijenga kihalali nje ya mita 22.5 za zamani, upanuzi ulikufuata wewe, na haki yako ya fidia ni nyingine kabisa na ya yule aliyejenga ndani ya hifadhi. Fidia yenyewe si ya ukuta na miti peke yake. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi, ambayo hupigwa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Ukikaa na mthamini, hakikisha kila moja imeandikwa kwenye mstari wake. Nakuombea, na tafadhali niandikie watakapokujibu.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi sanifu, niko saiti ya barabara upande wa Masasi, mkandarasi wangu ni mdogo. Mhandisi mshauri alipita Jumatatu akasema tuongeze kalavati mbili na tuzisogeze mita 40. Alisema kwa mdomo, akaondoka. Bosi ameshaagiza mabomba. Karatasi haijaja. Nina wasiwasi.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Wasiwasi wako ni wa haki, na umechelewa siku chache tu.

Kwenye mikataba ya namna ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambayo kazi zetu nyingi zinaifuata, hakuna variesheni bila agizo la mhandisi. Agizo la mdomo linaweza kuwa la kweli kabisa na mhandisi akawa mtu mwema, halafu akahamishwa kituo wiki ijayo. Anayekuja atafungua faili, hataona kitu, na mabomba yatakuwa mali ya bosi wako. Nimewaona makandarasi wadogo wakiuza malori kwa sababu ya kalavati ambazo kila mtu alijua ziliagizwa.

Leo, kabla hujalala, muandikie mhandisi barua fupi: tarehe hii, saa hii, mahali hapa, ulituagiza kuongeza kalavati mbili na kuzisogeza mita 40, tunaomba uthibitishe kwa maandishi pamoja na mchoro uliorekebishwa na bei itakayotumika. Bosi asaini. Ipelekeni kwa mkono, ipigwe muhuri, na picha za mahali penyewe zibaki kwenye simu yako. Kama kazi hiyo itawachelewesha au kuwaongezea gharama, notisi ya madai iende ndani ya siku 28 tangu mlipojua. Hesabu kuanzia Jumatatu ile. Siku ya 29 haki hiyo inaweza kuwa imepotea, hata kama kalavati zimesimama na maji yanapita ndani yake.

Na mwambie bosi mabomba yashushwe, lakini yasifukiwe hadi karatasi ifike.